Kidole cha Papa na Karatasi ya Kilima

Siku ile mzungu alipotupandishia mbuzi wawili kilimani naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, na bibi yako asinisikie. Mmoja alikuwa mweupe, mwingine alikuwa na doa jeusi mgongoni, na wote wawili walilia njia nzima. Sogeza kiti, mwanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Umeniletea karatasi yako unataka niweke sahihi upesi upesi, watu wanakungojea barabarani na pikipiki. Wangoje. Kwanza utasikia kwa nini mkono wangu unaogopa karatasi.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha. Wanaume wa kwetu waliosukumwa msituni, kule Walikale, kutafuta mpira kwa ajili ya vita hivyo, walikuwa wanarudi mmoja mmoja, mbavu nje. Wengine tunawangojea mpaka leo. Wazee walisema, sasa Bula Matari, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabeleji, atatuacha tupumue. Wapi! Wakaja Wazungu wa aina nyingine, si askari, si mapadri. Hao walikuwa wanatafuta vilima.

Na sisi tulikuwa nacho kimoja. Jina lake silitaji, maana leo limeandikwa kwenye karatasi ya mtu mwingine. Papa yangu ndiye alikuwa mwenye kilima, na baba yake kabla yake. Tulilima maharagi na mtama, tulikuwa na ndizi, tulikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa, na juu kabisa, chini ya miti mirefu, alilala bibi yangu mzaa Papa.

Uelewe jambo moja, maana bila hilo utatuona wajinga. Kwetu ardhi haikuwa inauzwa. Mgeni akitaka kulima, analeta mutambo: mbuzi, ao kuku, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mwenye kilima anapokea, wanachinja palepale, wanakula pamoja. Tangu siku hiyo mgeni analima, watoto wake wanalima, na kila mavuno analeta kitu kidogo, hata kikapu cha maharagi. Akihama, shamba linarudi. Kwa hiyo anayepokea mbuzi hajauza kitu. Anayeleta mbuzi ndiye amekiri kwamba kilima kina mwenyewe.

Sasa pata picha: mzungu, mwenye bunduki na askari wa Bula Matari nyuma yake, anatuletea mbuzi! Kilima kizima kilitoka. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka. Mzungu ametoa mutambo kwa Papa! Tulimwita Mabuti, kwa sababu ya viatu vyake vilivyofika magotini. Tulikuwa na furaha, nakuambia, ya kipumbavu kabisa.

Sasa nije kwangu, na hapa usinitazame usoni.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Papa alikuwa amenipeleka shule ya mission, tukatembea mguu kwa mguu, yeye na mfuko wa maharagi kichwani ili nisile bure kwa mapadri. Nilikaa miaka mitatu. Kiswahili nilisoma, katekisimu nilisoma, lakini Kifaransa kilinishinda kabisa. Padri mwalimu akanipigapiga bega, akaniambia nirudi nyumbani nikashike jembe. Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilipofika nyumbani nilisema nini? Nilisema, "Nimemaliza."

Basi wakaniita Monitere, yaani mwalimu. Nilivaa kaptula nyeupe, nikachana nywele kwa mstari pembeni, nikawa ninasema "bonjour" kwa mbuzi na kuku. Mdogo wangu Furaha, mtoto wa kike wa miaka tisa, alinibebea kiti popote nilipotaka kukaa. Yeye ndiye aliyeliamini jina hilo kuliko wote.

Siku hiyo ya mbuzi walikuja watatu wa maana: Mabuti mwenyewe, ofisa mmoja mzungu wa Bula Matari aliyechoka na jua, na karani wa ofisi, mtu mweusi mwenye kalamu mbili mfukoni. Walifungua meza ndogo uwanjani kwetu. Karani akasema:

"Muzee, huyu Musyu anaomba fasi ya kukaa na kulima. Ameleta mbuzi mbili, chumvi, na blanketi. Weka kidole hapa, tumalize, mvua iko inakuja."

Papa hakuwa mtu wa kukimbizwa.

"Pole pole, karani. Mbuzi nimeiona. Karatasi sijaisikia. Niko na mutoto, amesoma kwa bapadri. Yeye njo atanisomea."

Karani alicheka kidogo, akanipa karatasi. Zilikuwa mbili, zimepigwa kwa mashine, herufi zimesongamana kama siafu. Nilitafuta neno ninalolijua. Nililiona moja, la ardhi, kisha nikaliona tena chini. Mengine yote yalikuwa giza. Wajomba walikuwa pale, mama alikuwa pale na mikono ina unga, Furaha alikuwa amesimama karibu nami, kifua mbele, utadhani yeye ndiye anasoma.

Mwanangu, ningesema tu, "Papa, sijui." Ni neno dogo, halimalizi hata pumzi moja. Wangenicheka siku mbili, labda mwezi. Nikakohoa, nikashika karatasi mbali kidogo na uso, kama nilivyoona mapadri wanafanya.

"Iko inasema," nikaanza, "Musyu anaomba fasi ya kulima. Iko inasema kilima ni ya Papa na ya bazee bake. Kila mwaka Musyu ataleta mbuzi, ao chumvi. Na siku ataenda kwabo, kilima inarudi."

Nilisoma kile ambacho Papa alitaka kusikia. Hakuna mtu aliyenifundisha. Ilitoka yenyewe, tamu, wala ulimi haukuteleza.

Karani alikuwa ananiangalia. Yeye alijua Kifaransa, na alijua kwamba mimi sijui. Angeweza kusema. Alinyanyua upande mmoja wa mdomo tu, akaichukua karatasi, akainama, akaandika kitu kidogo chini kwa kalamu yake. Papa naye alinitazama kwa muda mrefu.

"Umesoma yote?"

"Yote, Papa."

"Karatasi zote mbili?"

"Zote mbili."

Akafuta kidole gumba kwenye suruali yake, akakichovya kwenye wino, akakikandamiza pale karani alipomwonyesha. Vigelegele vikapanda tena. Mbuzi wakachinjwa palepale, kama desturi inavyotaka, na Papa mwenyewe akampelekea Mabuti kipande cha ini kwenye jani la ndizi. Mabuti akatikisa kichwa, akaangalia saa yake, akashuka kilima na watu wake bila kuonja. Papa alibaki na lile jani mkononi. Mgeni aliyekataa kula mbuzi wake mwenyewe hakuwahi kumwona.

Kabla ya mavuno walikuja watu na kamba na vijiti, wakapima. Halafu wakang'oa maharagi yakiwa bado na maua, wakapanda miche ya kinini, ile miti ambayo ganda lake linafanya dawa ya homa. Papa alisema, sawa, anaanza na shamba la chini, tutazungumza akileta mbuzi wa mwaka. Mavuno yakapita. Mbuzi hakuja. Waya ukafika kwenye ndizi zetu, ukapita, ukapanda mpaka kwenye miti mirefu alikolala bibi yangu.

Papa akauvuka ule waya kwenda kulima. Wakamkamata, wakamshusha mpaka ofisini Masisi, nami nikafuata. Walimwonyesha karatasi kwa mbali na kidole chake kikiwa pale chini, cheusi. Halafu wakamlaza chini mbele ya watu, Papa yangu mwenye mvi, wakampiga fimbo kwa kosa la kuingia shamba la mtu. Kofia yake nilikuwa nayo mimi. Nilihesabu fimbo zote na sitakuambia zilikuwa ngapi. Alipoinuka aliomba kofia, akaivaa, akaiweka sawa, akanishika bega tukaondoka. Hakuniuliza kitu. Njia nzima nilimngoja aniulize, na hakuniuliza.

Tulifukuzwa kabla ya mwaka kwisha. Tuliteremka na vyungu na ng'ombe mmoja aliyebaki mpaka Kashebere, upande wa Walikale, ambako ndugu za mama walikuwa na mahali. Nikamwona Papa anabeba kuku na kasiksi, anawapelekea wenye ardhi, anapiga magoti. Yeye sasa ndiye mgeni.

Sisi watu wa baridi hatukuzoea kule chini. Joto, mbu, unyevu wa msitu. Masika ya pili Furaha akashikwa na homa. Mama alimpa majani, tukamtafutia dawa tukakosa. Unaelewa, mwanangu? Kilimani kwetu ilikuwa inakua miti ya dawa ya homa, ekari kwa ekari, na mdogo wangu anatetemeka chini ya blanketi la Mabuti. Siku ya mwisho, mchana, aliniita nikae karibu naye.

"Monitere," akasema, "ile karatasi ilisema tutarudi mwaka gani?"

Na mimi nikamjibu, "Mwaka kesho. Imeandikwa."

Akafurahi. Alikufa jua likiwa bado juu. Nimekuwa mwongo mara mbili tu katika mambo makubwa, na zote mbili ni kwa karatasi ileile.

Baada ya kumzika nilikwenda kwa katekista wa Kashebere, mtu mkali aliyewahi kufanya kazi kwa mapadri na alijua Kifaransa. Nikamwambia, "Mimi sijui kusoma Kifaransa. Nianzishe kama mutoto." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema. Nilisoma kwake miaka kadhaa, pamoja na vitoto vilivyonifika kiunoni, vikinicheka.

Miaka ikaenda. Halafu likaanza neno jipya, kwanza kwa wachuuzi wa njia ya Goma, baadaye sokoni, hata kanisani mlangoni. Uhuru. Wengine walisema depanda. Walisema nchi za mbali, kule Asia na huku kwetu Afrika, zimewafukuza Wazungu wao, na sisi zamu yetu inakuja. Papa alikuwa ameshazeeka, mgongo umeinama. Lakini neno hilo lilimnyoosha. Siku tuliposikia kwamba watu wa mjini watakuja kusema na wananchi Masisi, alichukua fimbo yake, tukatembea siku mbili, na mimi nimebeba mihogo ya njiani.

Uwanja ulijaa. Msemaji alikuwa kijana wa koti na tai, sauti nzuri. Alisema Wabeleji wataenda, fimbo itakwisha, ardhi ya watu itarudi kwa watu. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Papa akanyanyua fimbo yake.

"Mutoto wangu, niko na swali moja. Ardhi yenye iko mu karatasi, nayo itarudi?"

Msemaji akamgeukia. "Papa, kidole uliweka wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Kuna muntu alikusomea ile karatasi mbele ya kuweka kidole?"

Nilikuwa nyuma yake hatua moja. Nilitazama visigino vyake vilivyopasuka na nikaomba ardhi inimeze.

"Hapana," Papa akasema, kwa sauti ya kusikika. "Hakuna muntu. Nilitamani nyama ya mbuzi tu."

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka, mwanangu, wanaume wakapigana mabega, mzee aliyeuza kilima kwa nyama! Papa naye akacheka kidogo pamoja nao. Msemaji akaendelea na maneno mengine.

Wakati wa kurudi tulipumzika kwenye mto, Papa akatia miguu majini. Nikasema, "Papa, ile karatasi..."

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku. Ukisomaka katekisimu, kidole yako inatembea mu mustari, na midomo inatembea. Ile siku kidole ilisimama fasi moja."

"Sasa, Papa, kwa nini uliweka kidole?"

Alisugua mguu mmoja kwa mwingine.

"Bantu bote balikuwa pale. Nitasema nini, mutoto wangu ni mwongo? Nilijiambia, kilima ni kikubwa, mutoto mwanaume niko naye mumoja. Nilifikiri na muzungu iko na haya kidogo." Akatoa miguu majini. "Nilikosa. Afadhali ningekuaibisha tu. Ungelia, ungenyamaza, na Furaha angekuwa hapa."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angenipiga ile fimbo yake mgongoni, ningemshukuru mpaka leo.

"Kintu moja tu niko naomba," akamaliza. "Unizike kule juu, karibu na mama yangu."

Hakuuona uhuru. Alikufa miezi michache kabla yake, wakati Wabeleji wanafunga masanduku. Mabuti alikuwa ameshakwenda kwao, na shamba alikuwa ameliacha kwa mkubwa mmoja wa kwetu, mweusi kama mimi, mtu wa mikutano ya uhuru. Nikasema basi, huyu ataelewa. Tukamweka Papa kwenye kipoyi, machela yetu ya miti, wanaume wanne wakapokezana kumbeba, tukapanda kutoka Kashebere.

Tulifika kwenye lango asubuhi. Kapita, msimamizi wa shamba, akatoka, akavua kofia mbele ya maiti, akatupa pole ya kweli. Nikamweleza. Akasikiliza yote.

"Yaya," akaniambia, yaani kaka mkubwa, "mimi ningefungua. Lakini bwana mukubwa alisema, mwenye kusema kilima ni yake alete karatasi."

"Karatasi ni moja tu, na iko kwenu," nikamwambia. "Ilete."

Akaingia ofisini, akarudi nayo ndani ya bahasha. Nikaitambua kwa kile kidole kabla ya kuitambua kwa kitu kingine. Na mara hii nilijua kusoma. Ilisema kilima hakina watu. Ilisema mwenye kidole ameacha haki yake na ya watoto wake, milele, na kwamba ameshalipwa mbuzi wawili, chumvi na blanketi. Na chini kabisa, kwa mkono, kwa wino wa yule karani, ilisema: imesomwa kwa mwenye kidole, kwa lugha yake, na mtoto wake mwenyewe, naye ameelewa yote. Halafu jina langu, limeandikwa vizuri, hakuna herufi iliyokosewa.

Wale waliobeba kipoyi walikuwa wanangoja, majasho yanawatoka. Mmoja wao, mtoto wa mjomba, aliyekuwepo ile siku ya mbuzi, akauliza, "Inasema nini, Monitere?"

Nikawasomea. Yote, polepole, karatasi zote mbili, na ule mstari wa mwisho, na jina langu. Hakuna aliyenitukana. Mtoto wa mjomba aliangalia pembeni, akainama kwenye ncha yake ya kipoyi, na wengine wakainama. Hawakuniita Monitere tena, siku ile wala baadaye.

Tulimzika nje ya waya, kwenye ukingo wa barabara, pale ambapo unaiona ile miti mirefu ukinyanyua shingo. Siku bendera ya Wabeleji iliposhushwa, watu walicheza Masisi mpaka vumbi likafika juu. Mimi nilikuwa pale barabarani nang'oa majani kwenye kaburi lake. Ngoma nilizisikia. Nilifurahi pia, usifikiri sikufurahi, fimbo ile hakuna mtu atakayeililia. Lakini waya ulikuwa palepale na bahasha ilikuwa palepale, na bwana mkubwa alipokufa iliuzwa kwa mwingine, na jina langu lipo chini mpaka leo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nakuambia wazi ili usiseme mzee aliongea mafumbo. Usipojua, sema sijui. Liseme mbele ya baba yako, mbele ya wageni, mbele ya mchumba wako hata. Wakicheka, acha wacheke, kicheko hakijawahi kumzika mtu. Ukiona mwingine anajifanya anajua mbele ya karatasi ya watu, usifanye kama karani, na usifanye kama Papa yangu, ambaye alinipenda mpaka akatuangamiza. Mwambie palepale, hata kama ni mtoto wako wa pekee. Na wakija watu na maneno mazuri ya uhuru, wa chama hiki ao kile, pigeni makofi, lakini waulizeni ile karatasi iko wapi, na nani ataisoma.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema kweli. Akupe watoto watakaokuambia ukikosa. Akupe kulala pale ulipochagua, kando ya watu wako, wala usilale ukingoni mwa barabara. Na yule aliye kule ukingoni akuombee, maana alikuwa mtu mwema kuliko mimi.

Sasa leta hiyo karatasi yako. Hapana, mimi sitaishika kwanza. Isome wewe, kwa sauti, kidole kwenye mstari, na kikisimama nitakiona.